Jiko la Shilingi 4,000: Kwa Nini Hatulinunui?

(Hotuba kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia)

Nimeombwa niseme machache juu ya nishati na tabianchi. Najua neno hilo tabianchi limeshatuchosha. Kila semina tunaambiwa tupande miti, tunakunywa soda, tunarudi nyumbani. Leo sitawaambia mpande miti. Nataka tuongee habari ya pesa, maana wako wataalamu wa uchumi waliofanya utafiti hapa hapa Kenya juu ya kitu kilicho jikoni kwetu, na waliyoyaona yanafaa kujadiliwa na kila kikundi kilichofika hapa.

Mwaka 2019 wataalamu wawili, Susanna Berkouwer na Joshua Dean, walifanya kazi na nyumba zipatazo 1,000 mjini Nairobi, nyumba za watu wa mapato madogo wanaopikia makaa. Walileta jiko la makaa aina ya Jikokoa, lililouzwa wakati huo kwa dola 40, yaani kama shilingi 4,000. Jiko hili linahifadhi joto vizuri, kwa hivyo makaa machache yanaivisha chakula kile kile. Waliolipata walipunguza pesa za makaa kwa asilimia 39. Kwa miaka miwili, ambayo ndiyo maisha waliyolihesabia jiko, akiba ilifika dola 237, kama shilingi 24,000. Hebu fikirini: unatoa elfu nne, zinarudi elfu ishirini na nne. Mimi sijui ng'ombe wa maziwa anayelipa hivyo.

Sasa sikilizeni. Kila mtu aliulizwa ataje bei ya juu kabisa ambayo yuko tayari kulipa. Kisha bei iliyofichwa ikafunuliwa. Ikiwa iko chini ya ile aliyotaja, ananunua kwa hiyo iliyofichwa, na ikiwa iko juu, halipati. Kwa mpango huo mtu hana faida ya kudanganya. Basi kwa wastani watu walitaja dola 12 tu. Shilingi 1,200 kwa kitu cha kuwaokolea elfu ishirini na nne!

Mtu atasema, "Ni ujinga, wafundishwe." Wale wataalamu walilijaribu jambo hilo. Wengine walikalishwa chini wafikirie kwa makini akiba watakayopata. Bei waliyotaja haikupanda. Wengine waliambiwa wanaweza kulipa kidogo kidogo kwa miezi mitatu. Hapo bei waliyokubali ikapanda zaidi ya mara mbili. Kumbe watu walikuwa wanajua hesabu yao vizuri. Mama anayenunua makaa kwa mkebe anajua kwamba gunia ni nafuu, lakini pesa za gunia hana leo. Jiko ni vivyo hivyo. Kwa hivyo wale wanaokuja na mabango ya kuelimisha umma wangefanya vyema kuja na mkopo.

Jambo hili haliko kwa jiko peke yake. Kule Busia na Siaya wataalamu wengine, Kenneth Lee, Edward Miguel na Catherine Wolfram, walitafiti habari ya stima katika vijiji 150. Kuunganishiwa stima wakati huo kulikuwa shilingi 35,000. Kwa bei hiyo, kama mtu mmoja kati ya mia ndiye aliyeunganishwa. Ilipopunguzwa hadi 15,000, ilikuwa kama robo tu ya nyumba. Ilipokuwa bure, karibu wote walikubali. Waliona pia kwamba majirani wakiunganishwa pamoja, gharama ya kila nyumba inashuka sana, maana nguzo na nyaya ni zile zile. Lakini waliounganishwa walitumia stima kidogo sana, na hali yao ya maisha haikubadilika sana katika muda uliotazamwa. Balbu peke yake haileti kazi. Huo ni mjadala mrefu, tuuache kwa leo.

Turudi kwa jiko, na kwa mzunguko wetu. Chukueni kikundi cha watu ishirini, kila mmoja anatoa shilingi 200 kwa wiki. Hizo ni 4,000, jiko moja kila wiki, kwa bei ile ya utafiti. Wiki ya ishirini kila mtu ana jiko. Mnapiga makofi? Ngojeni. Akiba ya makaa katika utafiti ule ilikuwa kama shilingi 230 kwa wiki. Yule wa kwanza analipa mchango wake kwa pesa za makaa aliyookoa, na anabaki na salio. Yule wa mwisho ametoa mfukoni majuma yote, na kwa kungoja wiki kumi na tisa amepoteza akiba ya shilingi 4,370. Amepoteza jiko zima akingojea jiko!

Kwa hivyo, kikundi kikiweza kukopa 80,000 mara moja, kikanunua majiko yote ishirini, kila mtu analipa 200 kwa wiki kutoka kwa makaa yasiyonunuliwa. Hata riba ikiwa shilingi 400 kwa kila mtu, ni wiki mbili zaidi tu, na bado anapata kuliko yule aliyengoja. Ila msikubali mkopo wa miezi mitatu bila kupiga hesabu: hapo ni zaidi ya 300 kwa wiki, na jiko halirudishi kiasi hicho. Muda mrefu kidogo ndio unaofaa. Na bei ya leo, ya jiko na ya makaa, iulizeni sokoni kwenu, msitumie yangu.

Nawaonya kwa jambo moja. Utafiti ule ulikuwa mjini, kwa watu wanaonunua makaa. Wewe unayeokota kuni bure, hata jiko la kuni linalotumia kuni chache halitakurudishia shilingi. Litakurudishia masaa, na masaa hayo ni ya mama na wasichana. Wazee wengi wakisikia hivyo wanasema basi hakuna faida. Naomba mwenyekiti asiwaruhusu wazee peke yao kulijibu swali hilo.

Juu ya moshi pia tusitie chumvi. Wataalamu wale wale walirudi miaka kama mitatu na nusu baadaye. Moshi mkali wakati wa kupika ulikuwa umepungua, na watu walisema wanakohoa kidogo kuliko zamani, lakini vipimo kama vya presha havikuonyesha tofauti, kwa sababu hewa ya mtaani bado ni chafu. Anayeuza jiko kama dawa ya kifua anauza zaidi ya alicho nacho.

La mwisho ni kaboni. Katika utafiti ule, hasara ambayo dunia iliepushwa kwa moshi uliopungua ilikadiriwa dola 295 kwa kila jiko, zaidi ya akiba ya mwenye jiko mwenyewe. Ndiyo sababu wanakuja watu na majiko ya bei ya chini au ya bure, kisha wanauza ng'ambo hesabu ya hewa chafu iliyookolewa. Si lazima iwe hila. Lakini mwaka 2024 utafiti wa Annelise Gill-Wiehl na wenzake ulionyesha kwamba miradi ya majiko waliyoichunguza ilikuwa imehesabu akiba hiyo karibu mara tisa kupita kiasi. Sheria yetu ya tabianchi ilirekebishwa mwaka 2023 ili biashara hii iwe na utaratibu na jamii ipate fungu lake. Akija mtu na fomu, asomewe mbele ya wanachama wote kwa lugha wanayoielewa, na aulizwe: nani ana haki ya kuuza kaboni ya jiko langu, kwa miaka mingapi, na likiharibika nani analitengeneza? Asipojibu, msitie sahihi.

Kabla ya mkutano ujao, kila katibu aandike wanachama wake wananunua mikebe mingapi ya makaa kwa wiki na kwa bei gani, na ni wangapi wanatumia kuni. Karatasi ziko kwa karani pale mlangoni, chukueni mbili mbili kwa kila kikundi.