Lango la Mwenda kwa Miguu
(Maneno yaliyosemwa barazani Giakanja, Nyeri)



Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi kilianzishwa mwaka 1972 kwa harambee, kikapata hati ya chuo kikuu mwaka 2012. Chuo kilichojengwa kwa michango ya watu yafaa kimkaribishe kwanza mwenda kwa miguu.

Basi lango jipya likijengwa, lisipimwe kwa upana wa motokaa peke yake. Ipimwe kwanza njia ya miguu, mbali na magurudumu, yenye mtaro wa maji ya mvua, miti ya kivuli na taa za usiku. Matatu zisimame kando. Barabarani pawe na matuta na kivuko.

Mwenye motokaa akingoja, hupoteza dakika. Mwenda kwa miguu akigongwa, hupoteza uhai.

Mtoto wa Giakanja afikapo na vumbi miguuni, aone kuwa lango lile ni lake.