Mvulana Mpole, Msichana Jasiri

 

Kliniki tunampima mtoto uzito kwa mizani, na mkono kwa utepe wenye rangi nyekundu, manjano na kijani. Lakini wapo akina mama wanaotuuliza: "Sista, kijana wangu anapenda kubeba mtoto na ana huruma nyingi. Je, yuko sawa?"

Wataalamu wa saikolojia wamewahi kutafuta kipimo cha tabia kama hizo. Mwaka 1936, Lewis Terman na Catharine Cox Miles wa Marekani walitoa kipimo cha maswali. Kwao, sifa za kiume na za kike zilikuwa kama kamba moja yenye ncha mbili: ukisogea huku, umeacha kule.

Mwaka 1974, Sandra Bem, naye wa Marekani, alitoa kipimo cha maneno 60. Maneno 20 yalikuwa ya sifa zinazohesabiwa kuwa za kiume, kama kujitegemea. 20 za kike, kama huruma. Na 20 zisizo za upande wowote. Mtu alijipa alama 1 hadi 7 kwa kila neno. Bem alihesabu kila upande peke yake, kama vibuyu viwili vya maziwa: kimoja kikijaa, kingine hakipungui. Mtu aweza kuwa jasiri na mpole pia.

Hata hivyo, maneno hayo yalichaguliwa kwa maoni ya wanafunzi wa chuo kikuu huko California. Hapa kwetu mama wa kuhamahama hujenga aqal kwa mikono yake, na mwenzake huuza maziwa ya ngamia mjini Garissa. Nani atasema kujitegemea ni kwa wanaume tu?

Hapa Kenya, mtafiti Carol Ember aliwachunguza wavulana Waluo wa Oyugis, na matokeo yakachapishwa mwaka 1973. Baadhi yao walipewa kazi za ndani zinazoitwa za kike, hasa pasipokuwa na dada mkubwa. Hao walionekana kuwa na uchokozi mdogo kuliko wenzao. Kazi nayo hufunza tabia.

Mama mpendwa, jambo hili ni la afya. Mtoto akiharisha wakati wewe uko sokoni au malishoni, kaka anayejua kumnywesha maji ya ORS aweza kuokoa maisha. Aliyeambiwa kulea ni aibu atakusubiri. Na msichana aliyefunzwa kunyamaza atawezaje kukueleza anapoumwa?

Kwa hivyo:

1. Usimcheke mvulana anayelea mdogo wake. Msifu.
2. Mzoeze msichana kusema wazi anapoumwa au anapoogopa.
3. Wote wawili wafundishe kuchanganya ORS.

Huruma si ugonjwa. Lakini mtoto akibadilika ghafla, akijitenga, asilale wala asile, mlete kituo cha afya. Hapo hatutapima kama ni mwanamume kamili, tutatafuta kinachomsumbua.