Ndege Isiyo na Nyekundu

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani uliofanyika Nkoma, Wilaya ya Itilima)



Kamati iliniomba niseme machache juu ya kazi za mikono baada ya kustaafu. Nadhani walitaka niseme habari za ufugaji wa kuku. Kuku wangu walikwisha kwa kideri, kwa hiyo nitazungumza juu ya ndege hii iliyo mezani.

Ni mfano wa Hurricane, ndege ya kivita ya Waingereza iliyoruka mara ya kwanza tarehe 6 Novemba 1935, na ambayo ziliundwa zaidi ya 14,000. Hii ni ya aina iliyochukua mizinga minne katika mabawa, na bomu moja chini ya kila bawa. Ndege yenyewe ilikuwa na mita 12.19 kutoka ncha ya bawa moja hadi ya pili. Mimi nimegawa kila kipimo kwa 20, ndiyo maana hii yangu ina sentimita 61.

Baadhi yenu mtakumbuka kwamba hii ni ya pili. Ya kwanza niliichonga mwaka 1972, tukiwa kidato cha tatu, katika karakana ya shule, kwa maonyesho ya siku ya wazazi. Baba yangu alitoka hapa Nkoma kuja kuiona, na safari ya siku zile mnaijua: lori, halafu basi, halafu miguu.

Mzee yule alikuwa Keya. Alikwenda Burma na Batalioni ya 36, ya Tanganyika, katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Mwaka 1944, mvua za huko zikinyesha bila huruma, walishuka bonde la Kabaw kutoka Tamu kuelekea Kalewa, katika matope na malaria, chakula chao kikidondoshwa kwa miavuli. Alituhadithia kwamba Wajapani wakijichimbia kilimani, askari walilala chini wakangoja ndege. Zilipita juu ya miti, karibu kiasi cha kuona rivets za tumboni (yeye alisema “vifungo”), zikaangusha mabomu yake, ndipo wao wakainuka kwenda mbele.

Basi siku ile aliizunguka ndege yangu mara mbili, akasema, “Mwili ndio huu.” Halafu akaweka kidole juu ya alama ya duara kwenye bawa. “Ng'wanone, hapa hapakuwa na nyekundu. Nyekundu ilikuwa ya Mjapani.”

Nami nilikuwa na kitabu cha maktaba, chenye picha ya rangi: duara la bluu, ndani yake jeupe, katikati jekundu. Nikakifungua mbele yenu nyote nikasema, “Baba, umesahau. Kitabu hiki hapa.” Mkacheka. Nami nilicheka. Baba aliitazama ile picha kwa muda, akakifunga kitabu taratibu, akaniuliza kama chakula cha shule kinatosha.

Hakulitaja tena neno lile mpaka alipofariki mwaka 1989.

Mwaka 1996 rafiki yangu aliniazima kitabu cha picha za vita. Nikakuta Hurricane iliyopigwa picha huko Burma. Picha ilikuwa nyeusi na nyeupe, na katika picha za namna hiyo rangi nyekundu mara nyingi hutoka nyeusi-nyeusi. Duara la ndege ile lilikuwa na weupe katikati. Maelezo yaliyo chini yakaeleza: kuanzia mwaka 1943 Waingereza waliiondoa nyekundu kwenye ndege zao za upande ule, kwa sababu alama ya Mjapani ilikuwa duara jekundu, na mpiga mizinga aliye chini hana nafasi ya kuchunguza. Ikabaki bluu iliyokoza nje na bluu nyepesi ndani. Kitabu cha maktaba hakikusema uongo. Picha yake ilikuwa ya Uingereza, mwaka 1940, na baba hakupigana Uingereza.

Nilipostaafu nikaanza upya. Mbao nilizitafuta mbali, kumbe nilikuwa nimezizungushia boma. Mkonge ukishatoa mlingoti wake wa maua hufa, na mlingoti ule ukikaukia papo hapo huwa mwepesi ajabu, unakatika kwa kisu cha jikoni. Pua na mabawa yote ni mkonge. Ubaya wake ni vinyweleo: unapiga msasa, unapaka rangi, vinasimama tena. Dawa yake ni vumbi la mbao lililochanganywa na gundi, unapaka, unaacha usiku kucha, unapiga msasa tena. Mimi nilirudia mara nne.

Nyuma ya kiti cha rubani sikuweka mbao. Hurricane ya kweli sehemu ile ilivikwa kitambaa juu ya fito za mbao, na mbavu zake zilionekana kama za ng'ombe wa kiangazi. Kwa hiyo nimepasua mianzi nikapanga fito, nikavika pamba nyembamba, nikaipaka gundi iliyozimuliwa kwa maji. Ikikauka hujikaza yenyewe. Sisi tuliokulia katika pamba tusiposhona ndege kwa pamba, nani ashone? Kioo ni chupa ya maji iliyolainishwa kwa moto, magurudumu ni ndara za mjukuu wangu (amenunuliwa nyingine), na mizinga ni mirija ya kalamu.

Rangi ilinisumbua kuliko yote. Juu ni kijani na kahawia ya udongo, chini kijivu. Rangi ya mafuta ya dukani Bariadi hung'aa kama gari la harusi, na ndege ya vita haing'ai. Nikaichanganya na poda ya mtoto, ikafifia vizuri. Tena kitu kidogo kikipakwa rangi ileile ya kitu kikubwa huonekana cheusi mno, kwa hiyo kila rangi niliiongezea nyeupe kidogo.

Maduara niliyaacha mwisho. Bluu ya nje nilichora kwa bikari. Ya ndani nilichanganya nyeupe na bluu kwenye kifuniko cha kopo, nikaijaribu juu ya kadibodi mpaka jioni.

Mwalimu Mkuu amekubali ikae maktaba. Ile ya kwanza ililiwa na mchwa stoo, nami sikuisikitikia sana.

Nina ombi moja kwenu. Siku ile ya wazazi mpiga picha alikuwepo. Kama yuko mwenzetu mwenye picha ya karakana, naomba nakala. Baba ndiye yule mwenye koti la jeshi, amesimama karibu na mlango. Sina picha yake nyingine.