SIFURI NI YA NANI? Meridiani ya Chanzo katika Programu za Ramani na Fundisho Lake kwa Istilahi za Kiswahili



1.0 Utangulizi

Katika juma la Kiswahili kuna siku mbili za tano. Jumatano ni ya tano kwa sababu hesabu yake huanzia Jumamosi, siku iliyobeba neno la kale mosi. Alhamisi nayo ni ya tano, kwa kuwa jina lake limetokana na neno la Kiarabu lenye maana hiyo hiyo, na hesabu ya Waarabu huanzia Jumapili. Siku hizi zimepakana, lakini hakuna mzungumzaji anayezichanganya, kwani kila moja imekuja na jina lake, na jina hilo limehifadhi mahali hesabu ilipoanzia. Tukiyafuta majina tukabakiza tarakimu peke yake, tukaambiana tukutane "siku ya tano", nusu yetu watafika jana yake.

Mhadhara huu unahusu tarakimu zilizofutiwa majina. Ninakusudia kuzungumzia namna maktaba za programu za ramani, yaani yale makusanyo ya vipande vya programu ambayo kompyuta hutumia kukokotoa mahali, zinavyoeleza mstari unaohesabiwa kuwa longitudo sifuri. Hoja yangu ya msingi ni kwamba longitudo haina maana bila chanzo chake, na kwamba chanzo hicho sharti kisafiri pamoja na tarakimu. Aidha, nitadai kwamba istilahi tuliyoizoea, "meridiani kuu", inakificha chanzo badala ya kukidhihirisha, na kwa hiyo inafaa itazamwe upya.

Mifano yangu mingi nitaitolea Mutuka, kata iliyomo katika Halmashauri ya Mji wa Babati, mkoani Manyara. Babati iko karibu na latitudo nyuzi 4 na dakika 13 kusini, na longitudo nyuzi 35 na dakika 45 mashariki. Tutaona kwamba hiyo 35 na dakika 45 imebeba mambo mengi yasiyosemwa.

2.0 Sifuri iliyochaguliwa na watu

Latitudo ina sifuri ya maumbile. Dunia inajizungusha, mzunguko una ncha mbili, na katikati ya ncha hizo iko Ikweta. Longitudo haina bahati hiyo. Hakuna mstari wa kaskazini kwenda kusini uliotofautishwa na maumbile. Kila mmoja unafaa kuwa wa kwanza.

Kwa sababu hiyo, sifuri imehamahama. Ptolemy wa Alexandria, katika karne ya pili, alihesabu longitudo kuanzia Visiwa vya Heri, ambavyo kwa kawaida huhusishwa na Visiwa vya Canary. Katika hesabu hiyo aliutaja mji wa Rhapta, ambao wataalamu wengi huuweka katika pwani ya Tanzania ya leo. Pwani yetu, basi, iliingizwa katika majedwali ya longitudo takriban karne kumi na tano kabla ya Greenwich kuwa na kituo cha kuangalia nyota. Baadaye mataifa ya Ulaya yalipochora ramani zao, kila moja lilipenda sifuri ipite kwake: Paris, Lisbon, Madrid, Roma, Stockholm.

Mwezi Oktoba 1884, wajumbe wa mataifa 25 walikutana Washington. Mataifa 22 yaliikubali Greenwich, Jamhuri ya Dominika iliikataa, na Ufaransa na Brazili zikajizuia kupiga kura. Ufaransa iliendelea kufuata saa ya Paris hadi mwaka 1911. Mwezi mmoja tu baada ya mkutano wa Washington, ulifunguliwa Mkutano wa Berlin, na mwaka 1885 Dola Huru ya Kongo ilitangaza mipaka ambayo sehemu yake ya mashariki ilitajwa kuwa longitudo 30 mashariki ya Greenwich. Watu wa nchi za maziwa makuu walipewa mpaka uliopimwa kutoka kwenye darubini iliyoko London, hata kabla wapimaji hawajafika mahali penyewe kuutafuta mstari huo.

Wala Greenwich yenyewe si moja. Mstari uliochaguliwa mwaka 1884 ulipita kwenye darubini ya George Airy, iliyoanza kazi mwaka 1851. Ukisimama leo kwenye mstari huo ukiwa na kifaa cha GPS, hakitasoma sifuri. Sifuri ya setilaiti iko mita 102 hivi upande wa mashariki. Airy aliutegemea mvuto wa dunia kuisimamisha darubini yake wima, na mvuto wa mahali hauelekei sawasawa kwenye kitovu cha dunia, ilhali mfumo wa setilaiti umejengwa juu ya kitovu hicho. Jina ni lile lile; mstari umesogea.

3.0 Sifuri ndani ya kompyuta

Mtunzi wa maktaba ya programu hana budi kuamua namna ya kuieleza meridiani ya chanzo. Njia rahisi ni kutoieleza kabisa na kuchukulia kwamba kila longitudo imetoka Greenwich. Njia ya pili ni kuhifadhi tarakimu moja inayoonyesha umbali wa chanzo kutoka Greenwich. Njia ya tatu ni kukifanya chanzo kuwa kitu kamili chenye jina, thamani na kipimo. Hazina ya EPSG, inayotumiwa na wanajiografia ulimwenguni, imefuata njia ya tatu: Greenwich imepewa namba 8901 na Paris 8903. Maktaba ya PROJ, iliyoanzia katika kazi za Gerald Evenden, nayo ina orodha ya vyanzo vinavyotajwa kwa majina, vikiwemo Paris, Jakarta, Ferro na Athens.

Ugumu wake unaonekana vizuri kwa jirani zetu wa Madagaska. Mfumo wa kale wa ramani za huko, unaojulikana kwa jina la Laborde, ulihesabiwa kutoka Paris, na haukutumia nyuzi bali gradi, ambazo 100 ni sawa na nyuzi 90. Meridiani yake ya kati iko gradi 49 mashariki ya Paris, yaani nyuzi 44.1. Paris nayo iko nyuzi 2.33722917 mashariki ya Greenwich. Kwa hiyo mstari huo huo, ukihesabiwa kutoka Greenwich, ni nyuzi 46.43722917. Tarakimu tatu, yaani 49, 44.1 na 46.437, zinataja mstari mmoja.

Hapa makosa matatu yanawezekana. La kwanza, programu ikisoma 44.1 bila kujumlisha Paris, mji wa Antananarivo utasogea magharibi kwa takriban kilomita 246. La pili, programu ikipewa 46.437 kisha ikajumlisha Paris kwa mara nyingine, mji utasogea mashariki kwa umbali huo huo na kutumbukia katika Bahari ya Hindi. La tatu ndilo la hila zaidi. Hazina ya EPSG imeiandika Paris kwa gradi, yaani 2.5969213. Programu ikiisoma thamani hiyo kana kwamba ni nyuzi, mji utasogea kwa kilomita 27 hivi tu. Kosa la kilomita 246 hujitangaza lenyewe. La kilomita 27 linaweza kupita machoni pa mtu asiyeijua nchi.

Kosa hilo la tatu halikuwa la nadharia tupu. Maandishi ya kuelezea mifumo ya ramani, yanayojulikana kwa kifupisho WKT, katika toleo lake la 2001 yaliiacha thamani ya meridiani ya chanzo bila kipimo chake yenyewe. Kipimo kilipaswa kudokezwa na maneno yaliyoizunguka. Baadhi ya programu zilifuata dokezo hilo, nyingine zikachukulia nyuzi daima. Faili moja ikasomwa kwa namna mbili, na kila msomaji akajiona yuko sahihi. Toleo la pili la maandishi hayo, lililotolewa mwaka 2015 na kurekebishwa mwaka 2019, limeruhusu kipimo kiandikwe waziwazi ubavuni mwa thamani. Wanaisimu watalitambua tatizo hili mara moja: ni utata wa kirejeshi, nao umeondolewa kwa kukitaja kirejelewa.

4.0 Mutuka na vyanzo vyake vitatu

Mtu anaweza kusema kwamba hayo ni ya Madagaska na Ufaransa, na kwamba sisi tulio chini ya Greenwich tumesalimika. Tuitazame Mutuka.

Kwanza, ramani za nchi yetu zinazopimwa kwa mita hugawanya dunia katika kanda zenye upana wa nyuzi 6, na kila kanda ina meridiani yake ya kati. Kanda ya 36 inakomea kwenye longitudo 36, na ya 37 inaanzia hapo. Babati iko katika kanda ya 36, lakini mpaka wa kanda hauko mbali hata kilomita 30. Meridiani ya kati si meridiani ya chanzo, bali ni chanzo cha pili kilichowekwa juu ya cha kwanza. Sasa tuchukue mfano wa kufikirika wa shamba la Mutuka lililopimwa katika kanda ya 36, kisha majiranukta yake yakaandikwa bila namba ya kanda. Mtu akiyasoma kama ya kanda ya 37, shamba litahama nyuzi 6 nzima na kwenda kulimwa baharini, mbali mashariki ya Mombasa.

Pili, ramani za zamani za Tanzania, Kenya na Uganda zilijengwa juu ya mfumo wa vipimo uitwao Arc 1960, ilhali setilaiti hutumia mfumo wa WGS 84. Yote miwili hutaja Greenwich. Pamoja na hayo, mahali pale pale pa Babati hupata majiranukta yanayotofautiana kwa mita 300 hivi. Mita 300 hazilipeleki shamba baharini. Zinalipeleka kwa jirani. Katika nchi ambayo Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji za mwaka 1999 zimeipa hati uzito mkubwa, tofauti hiyo yaweza kuwa kesi.

Tatu, ni saa. Saa ya Afrika Mashariki imefungwa kwenye longitudo 45, ambayo haipiti katika ardhi ya Tanzania hata kidogo. Kila nyuzi moja ni dakika 4, hivyo jua la Mutuka hufika utosini, kwa wastani wa mwaka, saa sita na dakika 37. Katikati ya Februari hufika saa sita na dakika 51, na mwanzoni mwa Novemba saa sita na dakika 21. Juu ya chanzo hicho Kiswahili kimeweka kingine: tunahesabu saa kuanzia mapambazuko, tofauti ya saa sita, sawa na robo ya mzunguko wa dunia. Babati inapokuwa saa moja asubuhi, saa za mjini Brasília nazo huonyesha moja, lakini ni moja ya usiku wa manane. Tarakimu zimelingana, maana zimeachana.

Mzungumzaji wa Kiswahili huishi na vyanzo hivi viwili vya saa kila siku. Husoma tarakimu 7 ukutani na kutamka "saa moja". Hapotei, kwa sababu lugha imemzoesha kuongeza asubuhi, mchana, jioni au usiku. Hupotea pale tu anapoandikiwa "saa 3" na mgeni asiyesema ni saa tatu ya hesabu gani.

5.0 Suala la istilahi

Tumekuwa na majina matatu ya mstari huu: meridiani kuu, meridiani ya Greenwich na longitudo sifuri. Jina la Greenwich ni jina la mmoja tu wa jamii nzima. Haliwezi kuitaja Paris au Jakarta. Longitudo sifuri ni sahihi, ila inataja thamani na kunyamazia uteuzi. Meridiani kuu ndiyo yenye matatizo zaidi. Neno kuu linatoa cheo, na kumfanya mwanafunzi adhani kwamba mstari huo umewazidi wenzake kwa maumbile kama Ikweta. Isitoshe, meridiani ya kati ya kanda nayo ni kuu katika kanda yake, na tumekwisha kuona hasara ya kuvichanganya vyanzo hivyo viwili.

Ninapendekeza meridiani ya chanzo. Wafaransa huuita mstari huu kwa neno lenye maana ya mwanzo, na Wajerumani kwa neno la sifuri. Hakuna sharti la kufuata cheo kilichomo katika Kiingereza. Chanzo ni neno la Kiswahili cha kila siku, lina wingi wake, vyanzo, na linaalika swali ambalo kuu hulizima: chanzo kipi? Litaruhusu mwandishi wa programu aseme kwa ufasaha kwamba kila meridiani ya chanzo ina jina, thamani, kipimo na mahali thamani hiyo inapohesabiwa. Meridiani ya kati ibaki na jina lake.

6.0 Hitimisho

Istilahi nyingi tulizozipokea katika sayansi zilifika zikiwa zimekwisha kufanya uamuzi kwa niaba yetu. Kazi ya mwanaistilahi si kutafuta tu neno linalolingana, bali pia kuuliza neno la mwanzo lilikuwa likinyamazia nini. Maktaba za programu zilijifunza kwa gharama kwamba ukimya juu ya chanzo huhamisha miji na mashamba, zikaanza kukitaja. Lugha yenye siku mbili za tano katika juma moja, na saa zenye vyanzo viwili katika siku moja, ina uzoefu wa kutosha wa kukitaja pia. Hati ya shamba la Mutuka itakapoandikwa kwa Kiswahili, iandikwe na kanda yake, mfumo wake wa vipimo na chanzo chake, ili atakayeisoma miaka hamsini baadaye alikute shamba pale lilipo.