Akiba ya Kijana: Zizi, Sanduku na Deni

Maneno haya twawaambia hasa ninyi vijana wa Tarime na Serengeti mlioanza kushika fedha zenu wenyewe. Sisi kazi yetu ni kufundisha walimu, wala si wafanya biashara. Lakini twawaona vijana wakitoka chuoni, wakipata mshahara wa kwanza kwa furaha, kisha baada ya miezi michache wengine hurudi kutuomba nauli. Jambo hili latuhuzunisha. Ndiyo maana leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya akiba na deni.

Mtu asidhani kwamba akiba ni elimu iliyoletwa na shule. Wakurya, Wangoreme na Waikoma walijua kuweka akiba kabla ya kuiona shilingi: waliweka ulezi ghalani na ng'ombe zizini. Ng'ombe huzaa, hutoa maziwa na samadi, huvuta plau, na kwa ng'ombe kijana hupata mke. Tena ana sifa moja ambayo fedha haina: hatumiki upesi. Mwenye kutaka kumwuza sharti amswage mpaka mnadani, na njiani hupata nafasi ya kufikiri. Fedha iliyo mfukoni haimpi mtu nafasi hiyo.

Hata hivyo zizi nalo lina hatari zake. Katika miaka ya 1890 sotoka iliua sehemu kubwa ya ng'ombe wa Afrika Mashariki, na waliolala matajiri wakaamka maskini. Ugonjwa huo umekwisha duniani, kama ilivyotangazwa mwaka 2011. Lakini ndigana yaua bado, ukame waua bado, na wizi wa mifugo twajua sote jinsi ulivyobomoa nyumba za watu. Basi akiba yote isikae mahali pamoja.

Wengine hujibu, "Sisi tuna dhahabu." Ni kweli, mgodi wa North Mara huko Nyamongo ulianza kazi mwaka 2002, na fedha nyingi imepita mikononi mwa watu. Lakini mgodi si shamba. Kinachotolewa humo hakioti tena. Mkoa wetu umekwisha kuona haya. Machimbo ya Buhemba na Kiabakari yaliyochimbwa zamani za utawala wa Waingereza yalifikia siku ya kufungwa, na vibarua wakarudi kwenye majembe. Mshahara wa mgodi ni mfano wa ile miaka ya neema ya Yusufu kule Misri: haifai kuliwa wote.

Sasa tuseme habari ya deni. Kijana mmoja tuliyemfundisha alitaka kupendeza katika arusi ya nduguye. Akakopa shilingi 300,000 kwa mtu akopeshaye kwa riba, akanunua nguo na kuchangia karamu. Riba ilikuwa asilimia 20 kwa mwezi, na rehani ilikuwa kadi yake ya benki pamoja na namba ya siri. Kila mwisho wa mwezi mkopeshaji alitangulia kwenye mashine, akajitolea shilingi 60,000. Fanyeni hesabu pamoja nasi: baada ya miezi 10 kijana alikwisha kulipa 600,000, na bado alidaiwa 300,000 zilezile. Mikopo ya namna hii watu huiita "kausha damu", wala hawakosei. Mwisho aliuza mtamba aliyepewa na mama yake. Mama hakumkaripia; alimwuliza tu, "Zile nguo ziko wapi?" Zilikuwa zimekwisha pauka. Wahenga walisema kweli: kukopa arusi, kulipa matanga.

Je, kijana asikope kabisa? La, hatusemi hivyo. Mkopo wa kununua mbegu au cherehani waweza kujilipa wenyewe. Mkopo wa karamu hauzai kitu. Tena yafaa kujua kukopa kwa nani. Mwaka 1991 shirika la CARE lilianza na wanawake wa Niger vikundi vya kuweka na kukopeshana, na mpango wa namna hiyo ukaenea mpaka kwetu, ukajulikana kwa jina la VICOBA. Katika vijiji vya Serengeti vilivyo karibu na hifadhi viko pia vikundi viitwavyo COCOBA, vilivyosaidiwa na Shirika la Wanyama la Frankfurt.

Kazi yake ni hivi. Wanachama hukutana kila juma, na kila mmoja hununua hisa mbele ya wenzake. Fedha hutiwa katika sanduku lenye kufuli tatu, na funguo hushikwa na watu watatu mbalimbali, hata asiweze mmoja kulifungua peke yake. Anayekopa hukopa humo, na riba anayoilipa haiendi kwa tajiri, bali hurudi kwa wanachama wakati wa kugawana. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 yataka vikundi hivyo viandikishwe. Basi kabla ya kutoa shilingi yako, uliza cheti.

Yatupasa kumaliza kwa mashauri matatu. Kwanza, toa akiba siku ile ile ya kupokea, kabla ya matumizi; atakayeweka shilingi 2,000 tu kila juma atakuwa na 104,000 mwaka ukiisha. Pili, andika matumizi yako daftarini, hata ya soda na ya simu. Tangu M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008 fedha hukaa mkononi mchana na usiku, na mkopo wa simu nao huja kwa kubonyeza kidole. Hapana mnada wala mwendo wa kumfikirisha mtu. Tatu, kadi yako na namba yake ya siri usimpe mtu yeyote, hata akiwa rafiki.

Ndugu zetu, kubana matumizi si uchoyo. Mchoyo huwanyima wengine. Mwenye akiba huwa na kitu cha kuwapa siku ya ugonjwa na ya msiba. Mama yule alimpa mwanawe mtamba ili azae zizi, akaliwa na nguo za siku moja. Tusiwafanyie wazee wetu hivyo.