Usalama wa Kazi na Raghba ya Mtoto: Nani Achague Masomo Pemba?



Hapa Pemba mvutano wa mzazi na mtoto juu ya masomo ni nadra kusikika, kwa kuwa mtoto aliyelelewa vyema habishani na wazee wake. Huambiwa achukue sayansi ili awe daktari, akaitikia, akaingia mchepuo huo, na kutoridhika kwake kukaja kuonekana baadaye kwenye matokeo. Ukimya huo umetufanya tuamini kwamba jambo hili ni la watoto wa miji mikubwa walioiga ya nje. Mimi naliona ni letu hasa. Hoja yangu ni kwamba mzazi anayemchagulia mwanawe fani kwa kuogopea maisha yake ana nia njema, ila usalama anaoutafuta hauletwi na jina la kazi. Huletwa na uwezo wa mtoto wa kuendelea kujifunza pale kazi inapobadilika, na uwezo huo hauoti pasipo raghba.

Historia ya kisiwa hiki inatosha kuwa ushahidi. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na tangu hapo Pemba ndiyo iliyobeba zao hilo. Kwa miaka 100 na ushei mwenye mikarafuu alihesabiwa mtu aliyetengenekewa, na kumrithisha mwana shamba ndiko kulikokuwa kumpa maisha. Kisha Indonesia, iliyokuwa ikinunua karafuu zetu kwa wingi kwa ajili ya viwanda vyake vya sigara, ikapanda mikarafuu yake hadi ikajitosheleza, na katika miaka ya 1980 bei ikaporomoka. Wazee hawakukosea kwa uzembe; soko ndilo lililohama. Wakati huohuo mlango mwingine ulikuwa ukifunguka. Kilimo cha mwani kwa biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989. Mzazi wa Micheweni aliyempangia binti yake maisha mwaka 1985 hakuwa na namna ya kujua kwamba zao hilo lingekuja kuwashughulisha maelfu ya wanawake wa Pemba, hadi kujengewa kiwanda Chamanangwe. Ikiwa mambo yaligeuka hivyo ndani ya kizazi kimoja, basi na hizi kazi tunazoziita za uhakika leo, udaktari, uhasibu, ajira ya serikalini, tusiziwekee dhamana tusiyoweza kuitimiza.

Najua jibu linalokuja: mtoto wa miaka 16 anajua nini? Ni pingamizi la haki. Hamu ya kupita ipo, na kijana anayetaka kuwa mchezaji kwa sababu ya alichokiona kwenye televisheni anastahili kuulizwa maswali magumu. Lakini raghba ina alama yake: huonekana pale jambo linapokuwa gumu. Kijana anayefungua redio mbovu, akashindwa, akairudia tena na tena bila kutumwa, ametuonyesha kitu ambacho alama za mtihani hazionyeshi. Mzazi aliyeishi naye miaka yote hiyo ndiye shahidi bora wa alama hiyo, na hapo ndipo ninapoiona kazi yake kubwa, kubwa kuliko kuchagua.

Pingamizi zito zaidi ni la radhi za wazee. Katika jamii yetu ya Kiislamu hakuna anayelichezea hilo, nami silichezei. Lakini wanazuoni wenyewe hawakumpa mzazi ruhusa ya kufumba macho. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliandika kwamba mlezi anayetaka kumchagulia mtoto kazi aanze kuyapima maumbile na akili yake. Imam Ghazali naye aliziingiza tiba, kilimo, ufumaji na hata ushoni katika fardhi kifaya, yaani wajibu wa jamii nzima, na akalalamika kwamba watu wamejazana kwenye fiqhi ilhali miji inakosa matabibu Waislamu. Tukiifuata mantiki hiyo, kijiji kinachowasukuma watoto wake wote kwenye fani mbili tatu kinaacha wajibu wa jamii ukiwa wazi. Mwana anayekuwa fundi umeme hodari ametimiza sehemu ya wajibu huo, wala radhi hazikosi pa kukaa.

Umasikini ndio pingamizi ninaloliheshimu kuliko yote. Nyumba inayosomesha kwa fedha za msimu wa karafuu haiwezi kubahatisha, na Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar, iliyoundwa mwaka 2011, haibebi kila mzigo. Hata hivyo, mwaka wa kurudia masomo yasiyopendwa nao una gharama. Penye shida ya kweli, wajibu unaweza kutangulia bila kuizika raghba. Marehemu Maalim Seif Sharif Hamad, mzaliwa wa Mtambwe, alimaliza kidato cha sita mwaka 1963. Kwa mahitaji ya serikali baada ya Mapinduzi alifundisha kwa miaka mingi, pamoja na Skuli ya Fidel Castro hapa Pemba, hadi alipoingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1972. Aliyemchelewesha hakuwa mzazi, na miaka hiyo ilikuwa mirefu mno, lakini dhamira yake ya kusoma haikufa. Familia inaweza kukubaliana na kijana muda mfupi kuliko huo, kwa maneno yaliyo wazi.

Napendekeza, kwa hiyo, kila skuli imkutanishe mwanafunzi, mzazi na mwalimu wake kabla ya kupanga michepuo, na mtoto apewe nafasi ya kusema kwanza, kwa sababu mzazi akishasema mtoto hatakuwa na la kuongeza. Vituo vya mafunzo ya amali vya Vitongoji na Daya Mtambwe vialikwe katika vikao hivyo pamoja na wahitimu wao, hasa wa kike, kwani mzazi wa binti anayependa ufundi anahitaji kumwona fundi mwanamke aliye kazini na kumuuliza mwenyewe anapata nini.