Maji ya kijani yana kipimo chake

Maneno yaliyosemwa kwa niaba ya kikundi chetu cha wafugaji wa samaki, mbele ya kamati za maendeleo za parokia na wageni wafadhili



Ndugu wanakamati na wageni wetu wapendwa, mlitarajia tuanze na idadi ya mabwawa na kilo za perege. Tutaanza na habari isiyofurahisha. Msimu wa mvua uliopita, mama mmoja mjane wa kikundi chetu aliamka alfajiri akakuta samaki wake karibu wote wanaelea, wamekufa. Zilibaki wiki chache wavuliwe, na ada ya mtoto ilikuwa humo majini.

Majirani walinong'ona kuwa amerogwa, au kwamba bwawa limetiwa sumu. Haikuwa hivyo. Kosa lilikuwa letu. Sisi ndio tuliomfundisha kutia samadi ili maji yawe ya kijani, lakini hatukumfundisha mahali pa kuishia.

Ukijani ule ni mwani, vijimea vidogo mno. Perege huvila, ndiyo maana tunatia mbolea. Mchana, kwa mwanga wa jua, mwani hutoa oksijeni majini. Usiku hautoi, bali huivuta kama samaki wanavyoivuta. Mwani ukizidi, ikikaribia alfajiri hewa imekwisha. Mawingu yakitanda siku kadhaa hatari huongezeka, na mwani ukifa kwa pamoja huoza na kumaliza hewa iliyobaki. Samaki wanaopanda juu alfajiri wakitweta wanaomba msaada.

Basi tunaomba kila parokia ifundishe mambo haya manne.

Kwanza, kipimo cha mkono. Kabla maji hayajavurugwa, ingiza mkono wima, kiganja kikiwa kimekunjwa kutazama juu. Kikitoweka maji yanapofika kwenye kiwiko, mbolea inatosha. Kikitoweka mapema zaidi, acha mbolea na punguza chakula. Kikionekana bado, ongeza samadi kidogo. Lakini maji ya tope yasihesabiwe kuwa ya kijani.

Pili, samaki wakitweta, usingoje jua. Toa sehemu ya maji ya zamani na uingize mapya yakidondoka kutoka juu ili yachukue hewa. Asiye na mfereji ateke maji ya bwawa kwa ndoo na kuyamwaga tena kutoka juu, familia nzima ikisaidiana.

Tatu, mwani wa nyuzi, ule unaofanana na nywele, uvutwe kwa reki na kupelekwa kwenye mboji. Hupenda maji ya kina kifupi, kwa hiyo hata upande wa kina kifupi usipungue nusu mita.

Nne, tusitie mrututu wa mashambani. Ni kweli huua mwani, lakini unaweza kuua na samaki, na mwani uliokufa ghafla huleta balaa lile lile la hewa. Na ukiona utando wa kijani juu ya maji kama rangi iliyomwagika, mifugo wasinywe hapo; aina nyingine za utando huo zina sumu.

Wageni wetu, mmetuuliza kwa upendo kama mtununulie dawa ya mwani. Tunashukuru, ila hapana. Tusaidieni mabomba ya kuingizia maji, na nauli ya mwalimu wa ufugaji ili azitembelee kaya wakati wa mawingu, siyo siku ya uzinduzi tu.

Nanyi wanakamati, taarifa zenu za robo mwaka ziandike pia samaki waliokufa na sababu yake. Tukificha hasara, jirani ataipata ile ile.

Mama yule amekubali kuanza tena. Wanakikundi tumemchangia vifaranga, na safari hii anapima maji kwa mkono wake mwenyewe. Ada ya mtoto bado ni deni letu sote.